Kuhifadhi Ethanoli kwa Wingi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Matangi, Mabomba na Usalama

Kabla ya 2020, ethanoli ya viwandani ilikuwa mali ya wachache: mitambo ya molasi, viwanda vya rangi na dawa, maabara. Ikaja corona, kila mtu akataka kutengeneza vitakasa mikono, na maghala ambayo hayajawahi kuona kitu kikali kuliko sabuni ya maji yakapokea maelfu ya lita. Kisha ikaongezeka ethanoli ya kupikia. Maswali haya ni yale yanayorudi kila mara kutoka kwa wenye viwanda vidogo, watunza ghala na mafundi. Majibu yanahusu ethanoli ya asilimia 96 inayotokana na molasi. Pale methanoli au isopropanoli inapotofautiana, tumesema.

## Kuijua ethanoli yenyewe

1. Ethanoli, spiriti, methanoli na isopropanoli ni kitu kimoja?

Hapana, ingawa zote ni alkoholi, zote hazina rangi na zote zinawaka. Ethanoli hupatikana kwa kuchachusha na kukeneka molasi, kama inavyofanyika Kilombero, Muhoroni na Kakira. Spiriti ya dukani ni ethanoli iliyotiwa kitu cha kuifanya isinyweke, mara nyingi na rangi ya zambarau au buluu juu yake. Isopropanoli hutengenezwa kwa malighafi ya mafuta. Methanoli ni sumu: kiasi kidogo kinapofusha, na kikizidi kidogo kinaua.

Usitegemee pua. Tazama namba ya Umoja wa Mataifa kwenye pipa au lori: 1170 ni ethanoli, 1219 isopropanoli, 1230 methanoli. Pipa lisilo na namba wala lebo usilipokee, hata kama dereva anaapa.

2. Kwa nini tangi lililobaki nusu mnaliogopa kuliko lililojaa?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote hapa, na mengi yanayofuata yanarudi kwake.

Kinachoungua si kile kimiminika, ni mvuke wake ukichanganyika na hewa kwa kipimo fulani. Kwa ethanoli, kipimo hicho ni kuanzia asilimia 3.3 hadi asilimia 19. Chini ya hapo mvuke ni mwembamba mno, juu ya hapo hewa haitoshi. Sasa angalia hali ya kwetu. Kwenye nyuzi joto 20, mvuke ulio juu ya ethanoli ndani ya tangi hufikia karibu asilimia 6. Kwenye nyuzi 30, yaani siku ya kawaida Dar es Salaam au Mombasa, unafika karibu asilimia 10. Maana yake nafasi ile ya juu ya tangi inashinda na kulala ikiwa mchanganyiko unaoweza kulipuka, ikisubiri cheche tu.

Petroli haiko hivyo. Mvuke wake ndani ya tangi huwa mzito kupita kikomo cha juu, kwa hiyo hatari yake kubwa iko nje, mdomoni mwa tangi. Fundi aliyezeekea kwenye vituo vya mafuta huja kwenye ethanoli na mazoea hayo, na mazoea hayo ndiyo yanayonitisha.

Kwa kiasi: tangi la lita 30,000 lenye lita 20,000 ndani lina nafasi ya lita 10,000 juu. Kwenye nyuzi 30, nafasi hiyo inabeba karibu kilo 2 za ethanoli iliyogeuka mvuke, sawa na lita mbili na nusu hivi. Hizo zinatosha kung'oa paa la tangi.

3. Nikiongeza maji si itaacha kuwaka?

Itapungua makali, haitaacha. Ethanoli ya asilimia 96 huanza kutoa mvuke wa kuweza kushika moto kwenye nyuzi 17 hivi. Ikipunguzwa hadi asilimia 70, kama ya kitakasa mikono, bado ni nyuzi 20 na ushei. Hata ile ya asilimia 40 inashika kwenye nyuzi 26, na mchana wetu unapita hapo. Chukulia kitakasa mikono chako kama ethanoli kamili katika kila kitu kinachohusu moto.

## Tangi la nini?

4. Nina simtanki la maji la lita 5,000. Linafaa?

Plastiki yenyewe, polithini nzito, haiyeyuki kwenye ethanoli kwenye joto la kawaida. Ndiyo maana watu wanaona limekaa miezi sita salama wakadhani suala limekwisha. Matatizo yako mahali pengine. Plastiki haipitishi umeme, kwa hiyo chaji inayozaliwa wakati wa kujaza haina pa kwenda (tazama swali la 12). Jua linaikausha na kuipasua. Mfuniko wake ni wa kuzuia vumbi, hauzuii mvuke. Na moto ukitokea jirani, tangi la plastiki halivumilii: linalainika, linafunguka, na lita 5,000 zinatiririka zikiwaka.

Jibu letu ni hapana. Lile tangi jeupe la lita 1,000 lililo ndani ya wavu wa chuma lina udhaifu huohuo wa moto. Kusafirishia ethanoli linakubalika likiwa la aina iliyoidhinishwa kwa vimiminika vinavyowaka, lakini usiligeuze kuwa ghala la kudumu ndani ya jengo.

5. Chuma cha pua (kisichoshika kutu) au chuma cheusi (cha kawaida)?

Ukiwa na fedha, chuma cha pua. Aina ya 304 inatosha kwa ethanoli safi. Aina ya 316L inafaa zaidi ukiwa pwani, ambako chumvi ya hewani hushambulia tangi kwa nje, au bidhaa ikiwa ya dawa.

Chuma cheusi kinatumika duniani kote kwa ethanoli ya mafuta, yaani ile ya kuchanganywa na petroli ya magari, na si kosa. Ila kina mambo mawili. La kwanza ni kutu: maji kidogo yaliyomo kwenye ethanoli, pamoja na hewa inayoingia kila unapotoa, hutengeneza kutu inayotia bidhaa rangi na kuziba vichujio. La pili halionekani kwa macho. Kwenye matangi na mabomba ya ethanoli ya mafuta huko Marekani, chuma kilikutwa na nyufa nyembamba karibu na maungio ya kuchomelea, pale palipobaki mvutano ndani ya chuma. Oksijeni iliyoyeyuka kwenye ethanoli inachangia. Kwa hiyo ukinunua tangi la chuma cheusi lililotumika, lipimwe maungio na mtu mwenye vifaa. Kugongagonga kwa nyundo hakuoneshi ufa wa namna hiyo.

6. Mabati, alumini, shaba?

Zinki ya bati inaliwa taratibu na kubaki kwenye bidhaa kama uchafu mweupe. Alumini ni ya kutiliwa shaka: ethanoli kavu kabisa, hasa ikipata joto, inaweza kuishambulia. Shaba na vyuma vya jamii yake huchochea ethanoli kuharibika na kuipa rangi na harufu. Risasi ya kuungia mabomba isikaribie kabisa. Kosa la kawaida si tangi lenyewe. Ni koki ya shaba ya bei nafuu iliyofungwa kwenye tangi zuri la chuma cha pua.

7. Na matangi ya faiba?

Inategemea gundi iliyotumika. Faiba ya kawaida ya matangi ya maji hulainika kwenye alkoholi. Zipo gundi maalumu zinazostahimili, lakini muuzaji akuandikie kwa jina: ethanoli, asilimia ngapi, joto gani. Akikataa kuandika, umeshapata jibu.

8. Gasketi na hozi nitumie zipi?

Hapa ndipo matangi mengi yanapovujia. Tefloni inastahimili alkoholi zote, tatizo lake ni ugumu tu. Mpira wa EPDM ni mzuri sana kwa ethanoli. Mpira wa naitrili, ule mweusi unaojaa kwenye maduka ya vipuri vya magari, hufura ukilowa na kusinyaa ukikauka, kisha koki inaanza kudondosha. Poliyurethani iache.

Hozi laini za plastiki zinazoonesha ndani usizitumie hata kwa siku moja: ethanoli hunyonya kile kinachoilainisha plastiki, hozi inakuwa ngumu kama kijiti, na kilichonyonywa kimeingia kwenye bidhaa yako. Nunua hozi ya kemikali yenye waya ndani, waya huo ukiwa umeunganishwa na vyuma vya ncha zote mbili.

Kama ethanoli yako imechanganywa na petroli, soma swali la 18 kabla ya kununua chochote.

## Kuliweka na kulijenga

9. Ukuta wa kuzuia mmwagiko uwe na urefu gani?

Kanuni inayotumiwa sana: eneo lililozungushiwa ukuta libebe asilimia 110 ya tangi kubwa kuliko yote, au asilimia 25 ya jumla ya matangi, ipi iliyo kubwa.

Chukua matangi matatu, moja la lita 30,000 na mawili ya lita 20,000. Asilimia 110 ya kubwa ni lita 33,000. Robo ya jumla ni lita 17,500. Unachukua 33,000. Eneo likiwa mita 8 kwa 6, ni mita za mraba 48. Toa sehemu inayokaliwa na yale matangi mawili mengine: matangi ya kipenyo cha mita 2.5 yanachukua karibu mita 10 za mraba kwa pamoja. Inabaki 38, na ukigawa unapata sentimita 87. Jenga mita moja, maana kuna mvua.

Na mvua ndiyo inayosahauliwa. Wakati wa masika ukuta ukijaa maji hadi nusu, umebaki na nusu ya kinga. Weka koki ya kutolea maji, ikae nje ya ukuta, ifungwe muda wote, na ifunguliwe na mtu aliyesimama pale mpaka maji yaishe. Nimewahi kukuta koki kama hiyo imeachwa wazi mwaka mzima kwa sababu ilikuwa inamsumbua mlinzi.

10. Tundu la kupumulia lina kazi gani? Si linapoteza bidhaa tu?

Tangi linapumua. Ukijaza, hewa na mvuke vinatoka. Ukitoa, hewa inaingia. Hata bila kugusa kitu, jua likipanda linapumua nje na usiku linapumua ndani. Ukiziba tundu ili kuokoa bidhaa, unalinyonga.

Watu huogopa tangi kupasuka kwa shinikizo, lakini matangi ya bati huharibika zaidi kwa kunyonywa. Upungufu wa kilopaskali moja tu wa shinikizo la ndani ni sawa na kuweka karibu kilo 100 juu ya kila mita ya mraba. Pampu inavuta, tundu limezibwa, na tangi linakunjamana kama chupa ya maji iliyonyonywa. Mwenye kosa mara nyingi ni nyigu. Wanapenda kujenga vichuguu vyao vya udongo ndani ya mabomba ya namna hiyo, kwa hiyo chungulia kila mwezi.

Kinachotakiwa ni vali inayofunguka kwa shinikizo na kwa mnyonyo, pamoja na kizuia moto: kifaa chenye vijia vyembamba vya chuma vinavyopoza mwali usipite kuingia ndani. Mdomo wa bomba uwe juu, nje ya jengo, mbali na madirisha, maana mvuke wa ethanoli ni mzito kuliko hewa mara 1.6 na unashuka kutambaa chini.

11. Vibali naviomba wapi?

Tanzania, anza na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa usajili wa kemikali, kisha Zimamoto na Uokoaji, OSHA kwa usalama kazini, NEMC kwa mazingira, na TRA kwa sababu ya ushuru wa bidhaa. Kenya ni DOSHS kwa usalama kazini, NEMA kwa mazingira, KRA kwa ushuru, na zimamoto wa kaunti. Umbali kati ya tangi na jengo au mpaka wa kiwanja waulize zimamoto wakiwa wamesimama kwenye kiwanja chenyewe, kabla hujamwaga zege.

## Kujaza, kutoa na kupima

12. Waya wa ardhi ni wa lazima hata kwa pipa moja?

Ndiyo. Kimiminika kikipita kwenye bomba kinazalisha chaji ya umeme. Ethanoli ina bahati: yenyewe inapitisha umeme vizuri kuliko petroli, kwa hiyo chaji inakimbia haraka, mradi ipewe njia. Pipa la chuma lililosimama juu ya godoro la mbao au tairi limenyimwa njia. Ndoo ya chuma inayoning'inia kwenye mpini wa plastiki ni mbaya zaidi.

Unganisha kwanza, fungua mfuniko baadaye. Ukimaliza, funga kwanza, ondoa klipu mwisho. Klipu iume chuma chenyewe, isiume rangi. Ukinzani hadi ardhini usizidi omu 10, na upimwe kiangazi udongo ukiwa mkavu.

Bomba la kujazia lishuke hadi karibu na sakafu ya tangi, usimwage kutoka juu kama maporomoko. Mpaka mdomo wa bomba uzame, mwendo usizidi mita 1 kwa sekunde. Kwa bomba la inchi 2 hizo ni lita 120 hivi kwa dakika. Dereva atalalamika.

13. Simu je?

Iache getini. Simu ya kawaida haijatengenezwa kwa eneo lenye mvuke unaolipuka, na mtu anayezungumza na simu hatazami kipimo.

14. Nilipokea lita 30,000 asubuhi, jioni kipimo kinasema nyingine. Nani ameiba?

Pengine hakuna. Ethanoli hutanuka karibu lita 1.1 kwa kila lita 1,000 kwa kila nyuzi moja. Lita 30,000 zilizopimwa kwenye nyuzi 20 zikifika nyuzi 32 zinakuwa karibu lita 30,400. Usiku zinarudi. Walinzi wamefukuzwa kazi kwa hesabu hii, na wengine wameiba kwa kujificha nyuma yake.

Pima joto kila unapopima kina, rudisha hesabu kwenye nyuzi 20, na pima asilimia kwa hidromita yenye jedwali la joto. Kwa sababu hiyohiyo ya kutanuka, usijaze zaidi ya asilimia 95.

15. Maji yakiingia nitayaona chini ya tangi?

Hutayaona. Kwenye petroli maji huzama na unayatoa kwa koki ya chini. Kwenye ethanoli yanachanganyika moja kwa moja, na unachokiona ni asilimia kushuka. Ukihifadhi ethanoli kavu ya kuchanganya na mafuta, hata hewa yenye unyevu ya Mombasa inayoingia kwenye tundu la kupumulia ni tatizo. Weka chombo cha silika pale juu na ubadilishe chembe zake zikigeuka rangi.

## Matengenezo na dharura

16. Tangi tupu tunataka kulichomelea. Kuna ubaya gani ikiwa halina kitu?

Rudi swali la 2. Tangi "tupu" ndilo lililojaa mchanganyiko unaolipuka kutoka chini hadi juu, na kinacholiponza ni kikombe kimoja cha ethanoli kilichobaki kwenye kona. Mapipa yanayokatwa mtaani kutengenezea majiko yameua mafundi kwa njia hii hii.

Kwa ethanoli tuna nafuu ambayo mwenye petroli hana: maji yanaichukua. Jaza maji hadi yafurike, ili mvuke wote usukumwe nje, yatoe, kisha pitisha hewa safi. Halafu pima kwa kifaa cha gesi, juu, katikati na chini. Kusuuza kwa ndoo moja si kuosha.

Mtu asiingie ndani mpaka mvuke uwe chini ya sehemu moja ya kumi ya kikomo cha chini cha kulipuka na oksijeni iwe angalau asilimia 19.5. Tangi la chuma chenye kutu lililofungwa muda mrefu linaweza kukosa oksijeni hata kama halina mvuke wowote, kwa sababu kutu imeila. Awepo mtu nje mwenye kamba, na kazi yake iwe hiyo tu. Mwenzake akianguka, apige kelele na kuvuta, asiingie.

17. Moto ukitokea, au ikimwagika?

Mwali wa ethanoli ni wa buluu hafifu, juani unaweza usiuone. Unaona hewa inatetemeka, au unasikia joto usoni. Wa methanoli hauonekani hata zaidi.

Povu la kawaida la zimamoto halifai: alkoholi hunyang'anya povu maji yake na blanketi linayeyuka mbele ya macho yako. Linatakiwa povu linalostahimili alkoholi. Waulize zimamoto wa wilaya yako leo kama wanalo. Kama hawana, liwe stoo kwako. Maji yanafaa kupoza matangi ya jirani na kuzima mmwagiko mdogo kwa kuupunguza nguvu. Kwa tangi zima, maji yanayohitajika kuipunguza ni mara kadhaa ya ujazo wa tangi, na yatafurika yakiwa na moto juu yake.

Ikimwagika bila moto, zuia vyanzo vya cheche, funika kwa mchanga, tumia majembe yasiyotoa cheche. Maranda usitumie, yanawaka. Usiifagilie mtaroni: ikivunda kwenye mto hula oksijeni na samaki wanakufa. Na ikiwa ni lori barabarani, kazi ya kwanza ni kuwaondoa watu wenye madumu. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ilikuwa petroli, na zaidi ya watu 100 walikufa.

## Hali zisizo za kawaida

18. Ethanoli yangu imetiwa petroli kidogo ili isinywewe. Kuna kinachobadilika?

Gasketi. EPDM tuliyoisifu kwenye swali la 8 inaharibiwa na petroli: inafura na kulegea. Tumia tefloni, au mpira wa fluoro ambao mtengenezaji ameuthibitisha kwa mchanganyiko wa ethanoli na petroli. Maji nayo yanakuwa na tabia nyingine, yakizidi mchanganyiko unaweza kutengana. Kwa kifupi, ukibadilisha kinachotiwa, kagua upya mipira yote.

19. Naweza kuweka methanoli kwenye tangi la ethanoli?

Kwa upande wa chuma, chuma cha pua kinaikubali. Mpira wa fluoro wa kawaida, unaovumilia ethanoli, unaweza kufura vibaya kwenye methanoli. Lakini si hilo linalotufanya tukatae. Tangi, pampu na hozi zikitumika kwa zote mbili, siku moja methanoli itasafiri mahali ambapo watu wanatarajia ethanoli. Kenya, Mei 2014, pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu na kuwapofusha wengine. Tenga matangi, tenga hozi, na midomo ya kuunganishia iwe ya ukubwa tofauti ili hata aliyechoka usiku asiweze kukosea.

20. Nina mapipa ya isopropanoli yaliyobaki tangu 2020. Bado ni salama?

Isopropanoli ikikaa muda mrefu na hewa, hasa kwenye mwanga na kwenye chombo kilichobaki na kidogo, hutengeneza peroksidi. Hatari yake ni pale unapoikeneka upya au kuiacha ikauke: peroksidi zinabaki chini zikiwa nzito na zinaweza kulipuka. Ipimwe kwa vijikaratasi vya kupimia peroksidi kabla ya kuichemsha kwa namna yoyote. Pipa lenye chembechembe au ukoko kwenye kizibo usilifungue wala kulitikisa. Lizungushie kamba, kisha mwite mtaalamu wa kemikali.